Kuomba hela ya utafiti wa falsafa ya dini Templeton

Kama unasoma falsafa ya dini nje ya ile ya Kizungu tu, anza na John Templeton Foundation, taasisi ya Marekani inayotoa hela za utafiti, ipo tangu 1987 na haya maswali inayajali kweli. Maombi yana hatua mbili, kwanza unatuma maelezo mafupi mtandaoni, wakiyapenda ndo wanakualika uandike proposo kamili, kwa hiyo usijichoshe na makurasa mwanzoni. Swali liwe moja tena wazi, usiandike "dini za Afrika", andika "imani ya mizimu inalijibuje tatizo la uovu, na Waislamu wa pwani wanalijibuje?" (Tatizo la uovu ni lile swali: kama Mungu ni mwema, mbona mabaya yapo?) Hapo msomaji anakuelewa fasta. Bajeti ipeleke mapema ofisi ya utafiti chuoni, maana hela kawaida inapitia taasisi na saini zinachelewa balaa.