Doa Kwenye Pafu: Ya Kuandaa Kabla ya Kumwona Daktari

Uvimbe wa pafu usio saratani mara nyingi hauumi wala haukohozi mtu. Unapigwa eksirei kwa sababu nyingine kabisa, daktari anakuonyesha doa la mviringo, na usiku huo hulali.

Kabla ya yote, tafuta picha zako za zamani. Ile eksirei ya ulipougua kichomi, iliyo kwenye bahasha nyuma ya kabati, inajibu swali ambalo kipimo kipya peke yake hakiwezi kulijibu: doa lilikuwepo? Limekua? Kinundu kilichojaa (kisicho cha ukungu-ukungu kwenye picha) ambacho hakijakua kwa miaka 2 kwa kawaida si saratani. Beba picha yenyewe au diski, si karatasi ya majibu tu. Daktari atataka kupima kwa macho yake.

Kitakachofuata huwa ni CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha pafu kipande kwa kipande. Uliza kama itakuwa ya vipande vyembamba, maana mafuta kidogo ndani ya kinundu hupotea kwenye vipande vinene, na mafuta hayo ndiyo yanayotafutwa. Hamatoma, inayoonekana zaidi kati ya uvimbe huu adimu, ni mchanganyiko wa gegedu, mafuta na tishu nyingine. Mafuta yakionekana, au chokaa iliyochanua kama bisi, huenda usihitaji hata kuchomwa sindano ya kuchukua kipande cha uvimbe kipimwe. Lakini hamatoma nyingine hazina alama hizo.

Andika historia yako bila kuficha. Sigara, ndiyo. Kifua kikuu pia, kwa kuwa kinaweza kung'aa kama saratani kwenye PET, kipimo cha picha kinachoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi. Na mwanamke aliyewahi kutolewa faibroidi aseme, hata akiona haihusiani: mara chache sana, uvimbe wa misuli wa aina hiyohiyo ya kwenye kizazi hukutwa kwenye mapafu.

Ukipangiwa kuchukuliwa kipande cha uvimbe kwa sindano, taja dawa za kuzuia damu kuganda, ila usiziache kwa uamuzi wako. Nenda na mtu wa kukurudisha. Sindano inaweza kuvujisha hewa na pafu likanywea, kwa hiyo ukibanwa pumzi au kifua kikichoma ghafla, rudi hospitali saa hiyohiyo.

Majibu yakitoka, yasome kwa makini. "Saratani haikuonekana" si sawa na "hii ni hamatoma". Huenda sindano ilikosa mahali penyewe. Usiondoke kabla hujauliza uvimbe umepewa jina gani, na kama haujapewa, picha inayofuata ni lini.