Baiskeli nyepesi ya milimani yenye shoki mbele na nyuma: upepo, miiba, vumbi na matunzo

Baiskeli ya mbio za porini yenye shoki pande zote mbili kwa kawaida huwa na kilo 10 hadi 12, magurudumu ya inchi 29 na shoki zenye mwendo wa milimita 100 hadi 120. Wepesi huo una gharama yake: kila kipande kimepunguzwa hadi kiasi cha kutosha tu. Ndiyo maana inataka vipimo. Upepo, nguvu ya kukaza boliti na saa za kuendesha vyote vina namba zake, na fundi anayekisia kwa mkono ataiharibu hata kama ana nia njema.

Mwongozo huu umelenga njia zetu za Kenya: udongo mwekundu wa Karura, vumbi la Hell's Gate kule Naivasha, mawe ya Ngong, na miiba kila mahali.

Upepo wa shoki

Nunua pampu ya shoki kabla ya kitu kingine chochote. Pampu ya tairi haifai, kwa sababu shoki ya nyuma hubeba psi (kipimo cha upepo) 120 hadi 200 na zaidi, na nafasi ya hewa ndani yake ni ndogo kiasi kwamba upepo unaotoroka ukichomoa pampu ya kawaida unatosha kuvuruga kipimo chote.

Vaa kama unavyovaa njiani, viatu na kofia, na maji uyabebe. Fungua swichi ya kufunga shoki, mbele na nyuma. Kwa shoki ya nyuma anza na psi zinazolingana na uzito wako kwa ratili. Mtu wa kilo 70 ana ratili 154, basi aanze na psi 155 hivi. Pampu ikiwa bado imefungwa, bonyeza kiti polepole mara kumi, robo ya mwendo tu. Hapo hewa hupita kwenda chumba cha pili ndani ya shoki na mshale wa pampu utashuka. Ongeza hadi urudi kwenye namba yako. Anayeruka hatua hii hupima vizuri nyumbani, kisha anajikuta amezama kupita kiasi kilomita ya kwanza.

Sasa egemea ukuta, kaa kwenye kiti bila kurukaruka, sukuma kile kiringi cha mpira kwenye mhimili wa shoki hadi kiguse sili (mpira unaozuia vumbi kuingia), kisha shuka taratibu. Umbali ambao kiringi kimesogea ndio kiasi unachozama. Nyuma tunataka asilimia 20 hadi 25 ya mwendo wa mhimili wa shoki (si wa gurudumu): kwa shoki ya 190 x 45 (urefu wa milimita 190, mwendo 45), hiyo ni milimita 9 hadi 11. Foki, yaani shoki ya mbele, hupimwa ukiwa umesimama kwenye pedali, na asilimia 15 hadi 20 inatosha, yaani milimita 18 hadi 24 kwa foki ya 120. Upepo wa kuanzia wa foki umebandikwa nyuma ya mguu wake au umo kwenye kijitabu. Rekebisha kwa psi 5 kila mara, usizidi.

Ukifungua pampu utasikia mlio wa "pssh". Huo ni upepo wa kwenye mpira wa pampu, si wa shoki, kwa hiyo usiongeze psi 10 za kufidia. Ukirudi kupima kesho, namba itakuwa chini kidogo kwa sababu mpira wa pampu umejijaza kutoka kwenye shoki.

Kasi ya kurudi huwekwa kwa kile kirungu chekundu. Kizungushe hadi mwisho upande wa polepole, kisha hesabu mibonyezo (ile milio ya "tik") ukikirudisha katikati. Shuka ukingo wa barabara ukiwa umekaa: baiskeli irudi juu, ipite kidogo, itulie. Ikidunda mara mbili au tatu, punguza kasi mbonyezo mmoja mmoja. Ikibaki imezama baada ya mawe matatu mfululizo, iongeze. Andika namba hizo mahali, kwa maana mtu akiazima baiskeli yako atazichezea tu.

Baada ya safari yenye mawe ya kweli, tazama kiringi. Kikiwa kimebakiza milimita chache kufika mwisho, uko sawa. Kisipovuka theluthi mbili hata siku moja, toa psi 5. Kikigonga mwisho kila safari, ongeza.

Tairi: hapa usitafute wepesi

Matangazo yatakuonyesha tairi ya gramu 600. Iache. Kati ya mbigili na miiba ya migunga, tairi yenye kinga ya ubavuni, ya gramu 750 hivi kwa 29 x 2.35, itakuokolea muda mwingi kuliko gramu ulizobeba. Kama unataka kupunguza uzito, anza na rimu, ukipata pesa.

Tyubu ziondolewe. Ndani ya rimu bandika utepe usiopitisha hewa unaofunika sakafu nzima ukuta hadi ukuta. Tundu moja la spoki likibaki wazi, hewa itatokea kwenye spoki na utahangaika kutafuta pancha isiyokuwepo. Mimina silanti (maji mazito ya kuziba matundu) mililita 90 hadi 120 kwa kila tairi, jaza upepo hadi masikio ya tairi, yaani kingo zake, yakae kwenye rimu kwa mlio, kisha shusha kipimo. Hali ya joto na ukavu huikausha haraka, hivyo chungulia kila wiki 4 hadi 6: toa kiini cha vali, ingiza kijiti chembamba, na kikitoka kikavu ongeza mililita 60.

Mwiba mdogo uchomoe, zungusha gurudumu tundu liwe chini, subiri. Tundu la zaidi ya milimita 5 silanti haiwezi peke yake. Lizibe kwa uzi wa mpira wa kuzibia, ule unaosukumwa kwa sindano. Ikibidi kuweka tyubu njiani, kwanza pitisha kitambaa, si kidole, ndani ya tairi nzima. Tairi iliyokaa na silanti miezi mitatu hubeba miiba mingi iliyozibwa kimya kimya, na kila mmoja unasubiri tyubu yako.

Kwa mtu wa kilo 70, tairi za 2.35 na rimu yenye upana wa ndani wa milimita 28 hadi 30, anza na psi 20 mbele na 22 nyuma. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, ongeza psi 2. Kama njia ni changarawe nyepesi inayoteleza juu ya udongo mgumu, shusha moja. Na jambo ambalo wengi hulisahau: ukitoka Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukashuka Mombasa, hewa ya nje huwa nzito zaidi, na tairi ile ile ambayo hujaigusa itasoma pungufu kwa psi kati ya 2 na 3. Kwa tairi ya psi 20 hiyo ni tofauti kubwa. Kwenye shoki ya nyuma haionekani, lakini foki ya psi 75 yafaa kuipima upya.

Vumbi, matope na maji ya kuoshea

Usiipeleke mahali pa kuoshea magari. Ile bomba ya nguvu husukuma maji na mchanga kupita sili, ndani ya beringi za viungio, habu na shoki. Ndoo, sabuni laini, brashi na maji ya kumwaga vinatosha. Kama imejaa vumbi kavu tu, isugue kwa brashi na usilowanishe kabisa.

Baada ya kila safari futa nguzo za foki na mhimili wa shoki kwa kitambaa laini. Vumbi la jivu la volkano kule Naivasha ni laini mno, hujikusanya kwenye sili na kusaga rangi ya nguzo kama msasa. Mkwaruzo unaoshika ukucha utakula sili mpya pia, na nguzo mpya ni ghali mno. Watengenezaji wengi hutaka miguu ya chini ya foki ifunguliwe na kubadilishwa oili kila saa 50. Kwa anayeendesha saa 5 kwa wiki ni wiki 10. Nyakati za kiangazi kikali usivuke hapo.

Udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, una kanuni moja wakati wa mvua: shuka, beba begani. Nafasi kati ya tairi ya 2.4 na fremu ni milimita chache, na matope yenye kokoto huchuna fremu ya nyuzi za kaboni gurudumu linapozunguka.

Viungio vikague kila mwezi. Inua baiskeli taratibu kwa kushika kiti, huku kidole kikigusa kiungio kimoja kimoja. Ukisikia kagongo kadogo, kidole kitakuambia ni wapi. Mara moja kwa mwaka toa boliti mbili za shoki, iondoe bila kufungua chumba chake cha hewa, kisha inua na kushusha kwa mkono ule mkono wa nyuma wa fremu unaoshika gurudumu. Uende laini. Ukikwamakwama, beringi zimekufa, na grisi juu juu haitazifufua. Fremu nyingi za siku hizi hazina kiungio karibu na ekseli ya nyuma. Mabomba ya kaboni yenyewe hupinda kidogo. Hapo tafuta nyufa tu.

Baiskeli ikilia, usikimbilie viungio. Anza na ekseli ya nyuma, pedali, bomba la kiti, na boliti ya sikio la direla (kipande kidogo kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma). Mara nyingi ni vumbi tu hapo. Bomba la kiti la kaboni halipakwi grisi, lina mafuta yake yenye chembechembe za kushika, na boliti yake hukazwa kwa nguvu iliyochapwa juu yake, aghalabu Nm (nyutoni-mita) 5. Spana ya kupima nguvu ni ya bei rahisi kuliko fremu.

Breki na gia

Kosa la breki linalofanyika sana ni la oili. Shimano na Magura hutumia oili ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia DOT, oili ya breki kama ya magari na pikipiki. Fundi wa pikipiki ana DOT dukani, na akiimimina kwenye Shimano sili zitavimba na breki nzima itakufa. Soma maandishi kwenye kifuniko cha chombo cha oili kabla mtu hajashika spana. DOT 4 inakubalika kwenye breki za DOT 5.1, DOT 5 tupu ni ya silikoni, haimo kwenye hesabu.

Pedi mpya hutaka kuzoeshwa: mara 20 kutoka mwendo wa wastani hadi karibu kusimama bila kufunga gurudumu, kisha 10 kwa kasi zaidi. Pedi iliyoingia mafuta itupe. Mwenye zaidi ya kilo 80 aweke diski ya milimita 180 mbele.

Mnyororo wa gia 12 ubadilishwe kipimo cha kunyooka kikifika asilimia 0.5, ukichelewa, utanunua na kaseti (gia za nyuma). Tumia mafuta ya nta au ya ukavu, tone moja kila pingili, acha yaingie, futa yote ya nje. Oili ya injini hugeuka unga wa kusagia ikikutana na vumbi. Na beba sikio la akiba la direla. Fremu nyingi zilizotoka baada ya 2019 hutumia lile la aina moja la UDH. Za zamani kila moja ina lake, na kuliagiza huchukua wiki.

Njiani

Mlimani wenye mizizi kaa kwenye kiti, acha shoki wazi, kanyaga mviringo. Gurudumu la nyuma litafuata ardhi na kushika. Funga shoki kwenye lami au changarawe laini tu, na ukifika kileleni mkono uende kwenye swichi kabla ya macho kwenda kwenye mandhari. Kushuka, simama, magoti na viwiko vimekunjwa, uzito kwenye miguu. Pedali za baiskeli hizi ziko chini na huzidi kushuka shoki ikibonyea, basi penye mawe acha kukanyaga, ziweke sambamba na ardhi.

Ukianguka kwenye mawe, kabla ya kupanda tena pitisha ukucha kwenye mabomba ya fremu na usukani. Gonga kwa sarafu: kaboni nzima hutoa mlio mkali, iliyovunjika ndani hutoa mlio mfu. Kama una shaka na usukani, tembea kwa miguu.