Mwajiri yuko nje, wewe uko Dar: jinsi ya kujisajili na kulipa kodi ya mapato

Mshahara ukitoka Toronto na wewe umekaa Sinza na kompyuta yako, ni rahisi kuamini kwamba kodi ni shauri la huko ulikotoka mshahara. Sivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatazama kazi imefanyikia wapi. Kazi uliyoifanyia Dar inakupa kipato cha Tanzania, hata kama fedha inaingia akaunti ya nje. Na mwajiri asiye na ofisi hapa hakukati PAYE, yaani kodi ambayo mwajiri hukata kwenye mshahara kabla ya kukulipa, kwa hiyo mzigo wote ni wako.

Anza na ukaazi. Ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukawepo hata kwa sehemu ya mwaka, au ukikaa siku 183 na zaidi, wewe ni mkaazi kikodi. Ndugu aliyehamia nje moja kwa moja, asiye na makazi hapa wala hafikishi siku hizo, hutozwa kwa kile tu kinachotoka Tanzania, mfano pango la nyumba yake ya Mbezi.

Kisha soma mkataba. Ukiwa mwajiriwa, kodi inahesabiwa kwenye mshahara wote. Ukiwa unajitegemea na kutuma ankara, unaruhusiwa kutoa gharama za kazi kama bando na umeme, mradi una risiti.

TIN, yaani namba ya mlipakodi, unaomba kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa namba yako ya NIDA, bure. Vijana wa steshenari watakujazia kwa ada yao, ila hakikisha simu na barua pepe zinazoandikwa ni zako mwenyewe. Nimeona watu wamefungiwa nje ya akaunti zao kwa sababu hiyo tu. Ukikwama, nenda ofisi ya TRA ya eneo lako, mfano Ilala, Kinondoni au Temeke.

Sasa makadirio, na hapa ndipo wengi tunaumia. Kabla ya Machi 31 unawasilisha makadirio ya kipato cha mwaka, kisha unalipa kwa awamu nne: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Mkaazi hatozwi kwenye shilingi 3,240,000 za kwanza kwa mwaka. Kinachofuata kinapanda kutoka asilimia 8 hadi 30, na hiyo 30 inaanzia juu ya milioni 12. Chukua mshahara wa milioni 3 kwa mwezi, yaani milioni 36 kwa mwaka. Kodi yake ni 1,536,000 kwa milioni 12 za kwanza, na asilimia 30 ya milioni 24 zilizobaki, jumla 8,736,000. Kila awamu ni 2,184,000. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia kila kilichoingia, na Septemba nikakopa kwa shemeji ili nilipe. Tangu hapo kila mshahara ukiingia natenga sehemu ya kodi siku hiyohiyo, kwenye akaunti nisiyo na kadi yake. Kulipa kwenyewe ni kwa kontrol namba, benki au kwa simu.

Zuia pia kukatwa huko nje. Kampuni ya Marekani itakupa fomu W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba kikodi wewe si mtu wa Marekani. Ijaze, uandike TIN yako ya hapa, maana huduma iliyofanyika nje ya Marekani haihesabiwi kuwa kipato cha huko. Tanzania ina mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili na nchi chache, zikiwemo Kanada, India, Afrika Kusini na Sweden. Uingereza na Marekani hazimo.

Ritani ya mwisho, yaani taarifa ya kipato halisi cha mwaka uliopita, inawasilishwa kabla ya Juni 30. Linganisha makadirio na kipato halisi, ulipe pengo kama lipo. Tunza mkataba, ankara, taarifa za benki na kiwango cha Benki Kuu cha kubadilishia fedha cha kila siku uliyolipwa, kwa miaka 5.