Panya wamekata waya za sensa? Usikimbilie kununua sensa mpya

Toyota IST yangu ya 2003 siku moja asubuhi ikaanza kuwaka kwa shida, silensa (mzunguko wa enjini bila kukanyaga mafuta) iko juu, mafuta inakunywa kama daladala na taa ya cheki enjini juu. Ikapimwa na mashine ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0118, joto la maji linasoma -40. Sasa we fikiria, uko Dar saa saba mchana, hiyo -40 inatoka wapi? Fundi akanibadilishia sensa ya joto la maji, hela ikaenda, kodi ikarudi ileile kabla sijafika home. Kumbe panya walishakula waya nyuma ya soketi.

Hiyo namba yenyewe ilikuwa inaongea. Ikisoma -40 maana yake kompyuta ya gari inaona njia imekatika sehemu, ikisoma 140 hivi na enjini ya baridi basi kuna waya zimegusana.

Kupima: enjini ipoe kwanza. Chomoa soketi ya sensa, weka swichi on bila kuwasha, mita iwe DC volti, pima matundu mawili ya soketi inayotoka kwenye gari. Upate kama 5V. Usipopata, pima kila tundu na hasi ya betri, ukikuta moja ina 5V basi ile nyingine ya kurudi ndo imekatika, na usiwe mjanja ukaiunga kwenye bodi ya gari, hiyo ina njia yake ya kurudi kwenye kompyuta. Ile taa ya kutestia ya mafundi iacheni jamani, inavuta umeme mwingi, unaweza ukaua kompyuta ukatafuta mchawi. Sensa yenyewe ikiwa ya baridi, nyuzi 20 hivi, ipime oms (ukinzani wa umeme), ikisoma kati ya 2,000 na 3,000 ni nzima.

Sasa kuunga. Zima swichi, toa terminali ya hasi ya betri. Fungua tepu ya zamani uende mpaka ukute kopa inayong'aa, ukikuta ina ukijani au nyeusi endelea kukata, risasi (ile ya kuyeyusha kuunganishia waya) haishiki kwenye uchafu. Tafuta waya ya gari ya 0.5 mm² ya nyuzinyuzi, sio waya ya nyumba. Mimi kiungo kimoja nilikiweka mbele kingine nyuma kidogo, ili hata mpira ukitoboka visikutane. Na ule mpira wa kusinyaa kwa moto uvalishe KABLA hujaunga, mimi nilisahau ikabidi nikate nianze upya huku natukana peke yangu. Pasha waya sio risasi, waya ikipata moto risasi inajinywea yenyewe. Ikipoa vuta kidogo, ikichomoka haikushika. Sinyaza mpira, funga tepu, ibane mbali na ekzosi na feni.

Ile style ya kusokota waya na tepu nyeusi juu inakaa wiki kadhaa, joto la enjini linalainisha gundi, tepu inafunguka, unarudi kulekule.

Ila sio kila sensa unaunga hivi. Sensa ya oksijeni usiichome risasi, inavuta hewa kupitia ndani ya waya zake, risasi inaziba njia, bora viungio vya kubana na koleo au ununue nzima. Za krenki (inayosoma mzunguko wa enjini) na ABS (ya breki) ukikuta waya mbili zimesokotana, zirudishie msokoto wake, ndo unazuia kelele za umeme, yaani umeme wa waya nyingine kuvuruga usomaji. Ya noki (inayosikia enjini ikigonga) ina waya yenye nyavu, hiyo nyavu nayo iungwe.

Ukimaliza rudisha betri, futa kodi, tikisa waya huku mtu anaangalia mashine, namba isiruke. Kesho yake kabla hujawasha angalia joto la maji, inatakiwa ikaribiane na hali ya hewa ya nje. Yangu ilisoma 27. Panya bado wapo, nimeweka naftalini wanaipita tu.