Somo: Namna ya kulinganisha visu vizito vya kukunja kabla hujatoa fedha

Swali la "kisu gani cha kukunja ni imara?" nimelijibu mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niandike mara moja, na atakayeliuliza tena nitamwelekeza hapa. Mimi hubebesha miche ya parachichi huku Rungwe. Kisu cha kubebeshea ni kingine, chembamba, na hakihusiki na somo hili. Ninazungumzia kile kinachokaa mfukoni tangu asubuhi kwa ajili ya kamba za katani, viroba vya mbolea, mipira ya maji na vijiti vikavu.

Hatua ya kwanza: andika kazi tatu unazozifanya kila siku, si zile unazoota kuzifanya.

Hatua ya pili: kishike kisu kwa mkono uliolowa, kwa sababu mpini unaoteleza dukani utateleza zaidi shambani asubuhi ya Julai, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Hatua ya tatu ni komeo, yaani kile kinachozuia bapa lisijikunje wakati unakata, na hapa naomba usome polepole kwa kuwa ndipo nilipokosea mwenyewe. Kisu changu cha kwanza kizito nilikinunua gulioni kwa shilingi 8,000. Kilikuwa na kibati cha chuma ndani ya mpini, ambacho bapa likifunguka huruka na kusimama nyuma ya kisigino cha bapa, yaani mwisho wake wa upande wa bawaba. Nilikipaka mafuta kila mahali, pamoja na pale kibati kinapogusana na kisigino, nikidhani ninakitunza. Siku ya tatu nilikuwa ninapasua mpira wa maji, bapa likabanwa, nikalizungusha kidogo ili kulinasua, kibati kikateleza na bapa likanirudia juu ya kidole cha shahada. Kovu ninalo hadi leo. Makosa yalikuwa mawili: mafuta yalikuwa mahali panapohitaji msuguano, na kiganja changu kilichokaza mpini wakati wa kuzungusha kilikisukuma kibati kitoke mahali pake.

Kwa hiyo, fungua kisu na utazame kibati kimegusa kisigino kwa upana gani. Kikigusa kwa ukingo tu, kirudishe mezani. Kisha shika mpini kwa pembeni, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya bapa, na ugonge mgongo wa bapa taratibu juu ya ubao mara tatu au nne. Usigonge kwa nguvu kama unayepigilia msumari, wala juu ya chuma au jiwe, kwa maana unaweza kuliharibu komeo zima. Likijikunja hata mara moja, usikinunue kwa bei yoyote.

Makomeo mengine yana tabia zake. Buck 110, kisu cha Marekani kinachojulikana tangu miaka ya 1960, hutumia komeo lililo mgongoni mwa mpini, na mkono unaokaza mpini hauwezi kulisukuma kwa urahisi. Lakini kina uzito wa gramu 200 hivi na hubebwa kwenye ala ya mkandani. Watengenezaji wa visu Cold Steel wameliongezea komeo la aina hiyo pini inayobeba mzigo, na kwa kazi ngumu sijaona linalonituliza moyo zaidi. Opinel ya Ufaransa hufungwa kwa pete ya chuma unayoizungusha kwa kidole, iliyoanza kuwekwa mwaka 1955. Pete hiyo ni rahisi na ya kuaminika, mradi ukumbuke kuizungusha.

Hatua ya nne: bapa. Bapa nene la milimita 3 au 4 huvumilia kazi ngumu, ila ukimenyea viazi litavipasua badala ya kuvikata. Majina ya chuma yanayoandikwa ubavuni yasikulevye. D2, kwa mfano, hukaa na makali kwa muda mrefu, lakini hushika kutu kikiachwa na unyevu, na mvua za Tukuyu mnazijua. Ile 420HC huisha makali mapema zaidi, lakini hunoleka upesi na haisumbuliwi sana na kutu.

Hatua ya tano: kibanio cha mfukoni kiwe cha skrubu, ili kikipinda ukibadilishe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Mbalizi: Mkuu, kwa kifupi tu, kipi ni bora? Nina elfu kumi.

Jibu: Hatua ya kwanza na ya tatu. Sina kifupi zaidi ya hapo.

Mdau wa Mafinga: Komeo la kisu changu limelegea. Je, nikimpelekea fundi wa kuchomelea, atalirudisha?

Jibu: Hapana. Moto wa kuchomelea huondoa ugumu wa chuma, na utabaki na kisu laini chenye komeo lililoharibika. Kwanza safisha vumbi na nyuzi za mfukoni, kisha kaza skrubu ya bawaba. Kikiendelea kulegea, kistaafishe.

Mdau wa Iringa: Unatutisha bure. Baba yangu ametumia kisu kisicho na komeo miaka thelathini na hajajikata.

Jibu: Sikusema kisu kisicho na komeo hakifai. Mzee anajua kwamba kitajikunja, kwa hiyo hakichomi wala hakizungushi. Komeo bovu ni hatari zaidi kwa sababu wewe unaliamini. Soma tena nilichoandika, si ulichodhani nimeandika.

Mdau wa Njombe: Kamwene, mwalimu. Nina Opinel namba 8, na masika mpini huvimba hadi bapa halifunguki kwa ukucha. Je, nikwangue mbao?

Jibu: Kamwene, ndugu yangu, asante kwa swali zuri. Usikwangue bado, maana kiangazi kikija bapa litacheza. Hakikisha pete haijafungwa, kisha gonga kitako cha mpini, upande ule usio na bawaba, juu ya kona ya meza. Bapa litachomoza kidogo na utalishika kwa vidole. Kikaushe kivulini, mbali na jiko, halafu weka tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Kwenye kisu hiki mafuta ya bawaba hayana madhara, kwa kuwa pete haitegemei msuguano kama kile kibati changu.

Mdau wa Njombe: Nimefanya, limechomoza! Na kama sina kinoo?

Jibu: Pindua kikombe cha udongo cha chai. Ile duara ya chini isiyopakwa rangi ya kung'aa hunoa vizuri sana. Inua mgongo wa bapa kidogo tu, vuta kama unayemenya ngozi nyembamba ya kikombe, pande zote mbili kwa idadi sawa, kisha malizia kwa kuburuta bapa kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi.

Mdau wa Mbalizi: Kikombe cha plastiki kinafaa?

Jibu: Hapana.