Keshi, simu au kadi ukiwa Kigoma
Jamani ukienda Kibirizi, kule mwaloni wanakoshusha samaki, asubuhi kufuata dagaa au migebuka kadi ya benki iache tu nyumbani, pale haina kazi. Beba keshi, na siyo elfu kumi moja imekunjwa mfukoni, vunja mapema upate buku buku na za mbili mbili, maana mama wa dagaa saa kumi na mbili hajauza bado, chenji ataitoa wapi, mwisho unaongezewa kisado ambacho hukukipanga (sio mbaya sana lakini 😄).

Simu nayo inasaidia ila uliza kwanza kama ana lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo. Ukituma kwa namba ya kawaida utaambiwa "weka na ya kutolea", na wewe ushakatwa ya kutuma, sasa kwa mzigo wa elfu tatu hiyo hailipi kabisa. Halafu soma jina kabla hujathibitisha, vibandiko vingine vya lipa namba ni vya duka la jirani.

Kadi ni hotelini na supamaketi, na mashine waje nayo ulipo, cheki kiasi kwanza ndo ubonyeze namba ya siri, mkono mwingine umefunika.