Neno Usilolijua: Waulize Kwanza Majirani Zake

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Singida, huu mwaka wa kumi na nne. Bahari iko mbali na sisi, na wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kuiona. Habari za ufahamu zikigusa mambo ya pwani, nawaona wanavyokunja uso. Na swali huwa lilelile: "Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika katika habari." Chumba cha mtihani hakina kamusi. Lakini hata ukiwa nayo mezani, naamini kabisa kwamba si pa kuanzia.

Kila mwaka naandika ubaoni sentensi hizi nilizozitunga mwenyewe:

"Nahodha aliamuru tanga litwekwe. Lilipojaa upepo, chombo kikashika kasi, lakini maji yalikuwa yakiingia ngamani, na mabaharia wawili wakawa wanayachota kwa ndoo na kuyamwaga baharini."

Soma mpaka mwisho kabla ya kusimama popote. Anayeganda kwenye "litwekwe" hafiki kwenye upepo, na upepo ndio utakaomfumbulia.

Ukishafika mwisho, rudi utazame upatanisho. Kuna kijana aliwahi kuniambia nahodha anataka kwenda Tanga mjini. Sikumkosoa, nilimwomba asome tena "lilipojaa". Hiyo "li" inarudi kwa tanga, na mji hatuuiti hivyo. Tunasema Tanga imejaa watu. Basi tanga hili ni kitu, kama jembe au gari, na wingi wake ni matanga. Hapo darasa likakumbuka msiba, maana matanga ya kufiwa wanayajua wote. Vizuri, lakini msiba haujai upepo. Ni kitu gani kikijaa upepo chombo kinakimbia? Binti mmoja wa nyuma akasema, "Ni kama turubai, Mwalimu." Kitambaa kikubwa cha kushika upepo: jibu hilo nalipa alama zote, ingawa aliyelitoa hajawahi kuona jahazi.

Sasa "litwekwe". Ukiondoa "li" ya tanga, "w" ya kutendwa na "e" ya amri, unabaki na tweka. Ni jambo ambalo tanga hufanyiwa kabla halijajaa upepo. Linaweza kuwa kupandishwa, linaweza kuwa kukunjuliwa, na sentensi haikuchagulii. Andika yote mawili kwa penseli pembeni, uendelee. Usijilazimishe kuchagua pale ambapo maneno ya jirani hayajachagua.

"Ngamani" ina "ni" ya mahali mwishoni, kama shambani na nyumbani. Kwa hiyo ngama ni sehemu, maji yanaingia hapo, na yanatolewa kwa kuchotwa. Maji yaliyoingia ndani ya chombo hukaa wapi? Chini. Umeshaipata.

Neno linalonitia hofu zaidi ni lile ambalo mwanafunzi anadhani analijua. Chukua methali "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Wanafunzi wangu wamesikia matangazo ya afya kuhusu tezi dume, kwa hiyo wanaandika kwamba tezi ni ugonjwa au kiungo cha mwili. Lakini kitenzi kinasema "enda". Mtu haendi kwenye kiungo, anakwenda mahali. Halafu tezi imepangwa pamoja na omo, na ngama unaijua tayari kuwa ni sehemu ya chombo. Kwa hiyo nazo ni sehemu za chombo, mbili unazoweza kuzizungukia kabla ya kurudi chini: nyuma na mbele. Ipi ni nyuma na ipi ni mbele, methali haisemi. Tezi ndiyo nyuma. Hiyo niliipata kwenye kamusi, si kwa kubahatisha.

Umbo la neno nalo linasaidia. Anika nguo, anua nguo, kunja, kunjua, ziba, zibua. Ukikutana na kitenzi kigeni chenye "ua" mwishoni, jaribu kuona kama kinatengua kitu kilichofanywa kwanza. Usikifanye sheria, maana kununua hakutengui chochote. Pia kumbuka konsonanti hubadilika: anayesuka ni msusi, anayelinda ni mlinzi, anayefuata ni mfuasi.

Maneno kama "yaani", "au" na "lakini" mnayafahamu. Yakikaa karibu na neno gumu, yasome mara mbili.

Kuna kitu ambacho muktadha hautakupa, nacho ni kipimo. "Haba na haba hujaza kibaba": utajua kwamba kibaba hujazwa, hivyo ni chombo cha kutilia kitu. Hutajua kwamba vibaba vinne ni pishi moja. Kwa hayo, kamusi.

Na ukiifungua, usiitafute "litwekwe" kwenye L. Wanafunzi wengi hufanya hivyo, wakakata tamaa, wakasema neno halimo. Liko kwenye T: tweka, kupandisha juu, iwe tanga, iwe bendera. Kisha rudisha maana hiyo kwenye sentensi na uisome kwa sauti.

Mwezi uliopita binti yule wa turubai alinikabidhi daftari lake. Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameandika: "ngama – chini, palipo na maji". Tukafungua kamusi pamoja, tukaongeza kwa kalamu maneno matatu tu: "ndani ya chombo".